Kabla ya kupokea mbwa wa watu, piga hodi kwa jirani

Mbwa wa kwanza kulala kwangu hapa Malindi aliachwa nimtunze kwa malipo na Mtaliano aliyekuwa anakimbia masika. Wiki tatu, nusu ya pesa mkononi, nikaona riziki imenifuata nyumbani. Alfajiri ya kwanza muadhini alipoanza tu, mbwa akainua pua juu akamfuatisha mpaka mwisho. Siku ya tatu bibi wa nyumba ya pili akaja mlangoni, leso begani.

"Mwanangu, mimi na mbwa sina neno. Lakini huyu wako ashindana na muadhini?"

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo wewe usianze kwa kununua mabakuli, anza kwa majirani. Mtaa wetu ni wa Waislamu wengi, na mate ya mbwa ni najisi: chombo kikirambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtoto anayekwenda chuo cha Kurani na kanzu yake akiguswa na pua mbichi, mama yake umemwongezea kazi. Mimi nilihamishia banda upande wa pili wa ua, nikaziba matundu ya uzio wa makuti kwa mabati. Saa kumi na nusu alfajiri niko macho, kila mbwa nampa mfupa mkubwa wa ng'ombe. Anayetafuna haimbi.

Vibali waulize watu wa kaunti mapema. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa nakisoma tarehe mwenyewe, na chanjo ya juzi siihesabu, maana kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka. Vitoto ambavyo havijamaliza chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua vitoto vya mbwa, sivipokei hata nikibembelezwa. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, na uani kwangu ni udongo mtupu.

Halafu kupe. Namkagua mbwa kabla mwenye mbwa hajaondoka: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kuna mmoja nilimtoa kupe kumi na saba, nikawaweka kwenye kikopo cha mafuta ya taa, mwenye mbwa akitazama saa yake. Ningemwacha aondoke kwanza, kupe wangekuwa wa kwangu.

Chakula aje nacho. Mbwa aliyezoea makaroni ukimpa ugali na dagaa usiku mmoja, kesho unashinda na ufagio. Andikianeni pia nani atamlipa daktari wa mifugo, maana mwenyewe yuko Italia na simu haishiki.

Fataki za mwaka mpya zilinifunza kwa ukali. Mbwa mmoja aliruka uzio saa sita usiku, nikamtafuta na tochi ufuoni mpaka kulipopambazuka. Alikuwa amejikunja chini ya mtumbwi uliopinduliwa, anatetemeka. Nilimpigia mwenyewe palepale, kabla askari wa nyumba yake hajamfikishia habari. Aligomba, kisha akaniongeza siku nne za kumtunza mbwa. Sasa tarehe 31 Desemba sitoki: tunajifungia chumba cha ndani, redio juu, mimi na mbwa wa watu.