Isaya 9:6: kwa nini "amezaliwa" na si "atazaliwa"?

Mkuu, umeuliza Isaya alisemaje "mtoto amezaliwa" kama alitabiri Yesu, karne saba kabla. Kitenzi cha Kiebrania cha kale hakitegemei sana wakati kama chetu. Huonyesha zaidi kama tendo limetimia au la. "Yullad", neno lililotafsiriwa "amezaliwa", ni umbo la kutimia. Wakristo wengi husoma hapo unabii wa uhakika, kana kwamba jambo limeshatokea. Rashi, mfafanuzi Myahudi wa Biblia wa Zama za Kati, aliona mtoto huyo ni Mfalme Hezekia, aliyekuwa hai tayari wakati wa Isaya. Mimi ni Mkristo, ila sarufi peke yake haiamui hapo. Angalia zaidi "ataitwa" katika mstari huohuo: maandishi ya Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi waliohifadhi Biblia ya Kiebrania, yana "vayyikra", umbo la masimulizi linalofanana na -ka- yetu, yaani "akamwita", kana kwamba jina limeshatolewa. Ubishi mzito uko hapo, na msomaji wa Kiswahili hauoni kabisa.