Barua kwa mwanangu: Umeuliza kama maziwa yako yanatosha

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma na kuurudia, nikaona jibu lake ni refu, nikuandikie barua kabisa. Umeniuliza nilijuaje, nilipokuzaa wewe, kwamba maziwa yanakutosha. Umesema mkweo anaona mtoto analia njaa, maziwa yako mepesi, na anataka apewe maji ya sukari, kisha aanze kuzoeshwa uji kidogo kidogo. Na umesema huko wodini, baada ya upasuaji, hakuna aliyekaa nawe. Ukaruhusiwa na karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki, basi.

Hongera nilishakupa. Leo nakupa pole, maana kuuguza kidonda cha tumbo huku unanyonyesha ni kazi mbili kwa mpigo.

Sasa nikujibu. Mimi sikujua chochote, nilifundishwa. Nilikuzaa mwaka 1994 katika hospitali ambayo sitaitaja. Wodi ya wazazi ilijaa, tukawa tunalala wawili wawili kwa kitanda, na watoto wetu katikati. Nesi wa zamu ya mchana alipita akaniona nahangaika, akasema kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia, "Wewe mama, titi hujui kumpa mtoto?" Akaenda zake. Chuchu zilikuwa zimeshapasuka, na kila ulipolia nilitamani nilie nawe.

Usiku aliingia mhudumu mmoja, mama wa makamo. Hakunisema. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniangalia nikinyonyesha mpaka nikaona aibu. Kisha akapenyeza kidole chake kidogo pembeni mwa mdomo wako, ukaachia titi bila kuvuta. Akakugeuza tumbo lako likagusana na langu. Sikio, bega na nyonga vikawa kwenye mstari mmoja. Akagusisha chuchu kwenye mdomo wako wa juu, akangoja. Nilitaka kukusogezea titi, akanishika mkono: "Mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto." Ulipopanua mdomo kama anayepiga miayo, akakusukuma mgongoni, si kichwani. Kidevu kikazama kwenye titi, mdomo wa chini ukabinuka nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ikaingia, hasa ya upande wa chini. "Sikiliza," akaniambia. Nikakusikia unameza.

Ndivyo ufanye leo. Kwa kuwa wewe una kidonda, usimlaze tumboni. Mpakate chini ya kwapa, miguu yake ikielekea mgongoni mwako, au mlale ubavu, wewe na yeye mkitazamana. Ukisikia maumivu yanayoendelea baada ya mifyonzo ya mwanzo, mtoe kwa kidole uanze upya. Chuchu haipaswi kupasuka. Ikipasuka, mara nyingi ni kwa sababu mtoto ameshika vibaya.

Hayo maziwa "mepesi" tuyaweke sawa. Yale ya kwanza, ya njano na mazito, dang'a, huwa machache kwa sababu tumbo lenyewe la kichanga ni dogo, na yana kinga ya maradhi. Maziwa mengi hujaa kuanzia kama siku ya tatu hivi, na kwa aliyefanyiwa upasuaji huweza kuchelewa kidogo. Baadaye hubadilika yakaonekana kama ya majimaji, na hiyo ndiyo rangi yake. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama, zaidi ya asilimia 80, ni maji, kwa hiyo hata kwenye joto kali mtoto hahitaji kunyweshwa maji mengine.

Na maji ya sukari yana ubaya wake mwingine. Mwili wako unatengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya, hasa usiku, homoni zinapanda na titi linapata amri ya kutengeneza mengine. Akijazwa maji analala, titi linakaa limejaa, na mwili unaelewa kwamba hayahitajiki. Kesho yanapungua kweli, na hapo kila mtu anasema, "Si tulisema?"

Kuhusu mkweo, tafadhali usigombane naye. Hakutunga hayo kichwani. Wakati wetu, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa maziwa ya mama peke yake kwa miezi 4 mpaka 6, na wengi tulishika hiyo 4. Mimi mwenyewe uji nilikuanzishia mwezi wa nne, na kliniki walikubali. Mwaka 2001 ndipo ushauri ulipobadilika ukawa miezi 6 kamili, kisha chakula pamoja na kuendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo yeye anakumbuka somo alilopewa, wewe umepewa lingine. Mwombe akusaidie kwa kile anachokijua vizuri: akuogeshee mtoto, akupikie. Uji wake wa pilipili manga kunywa. Sidhani kama pilipili ndiyo inayoleta maziwa, lakini mzazi aliyekaa chini na bakuli la uji wa moto amepumzika, na hiyo peke yake ni dawa. Ila kukandwa tumbo kwa maji ya moto ukatae kabisa, una mshono.

Kulia si njaa tu. Analia kwa gesi, kwa kulowa, kwa joto, kwa kutaka kubebwa. Kama unataka kujua anashiba, angalia nepi. Baada ya siku ya tano, anapaswa kukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo usiwe wa njano kali, na haja iwe imetoka kwenye ile nyeusi ya lami ikawa ya njano. Uliniambia alizaliwa na kilo 3.2 na siku ya saba alikuwa 3.0. Hilo lisikutishe. Vichanga hupungua siku za mwanzo, hata kufikia sehemu moja ya kumi, na wengi huwa wamerudia uzito wao wanapotimiza wiki mbili. Mpeleke tena kwenye mizani wiki ijayo. Lakini akiwa analala tu hataki titi, au macho yakageuka manjano, au wewe titi likawa jekundu lenye maumivu na ukapata homa, usiningoje mimi wala mtu mwingine, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na ukienda, sema kwa sauti kwamba unataka mtu akutazame ukinyonyesha. Siyo fadhila, ni sehemu ya huduma.

Mambo ya kazi tutayaongea baadaye, ila ujue tu: sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za uzazi zenye malipo, na ukirudi kazini una haki ya hadi masaa 2 kwa siku ya kumnyonyesha. Mwenzio naye ana siku zake 3. Kama hajazitumia, azitumie kufua.

Nimeshakata tiketi ya basi la Jumatano. Nikifika, usiku nitakaa mimi na huyo mume wangu mdogo, nikuletee akitaka kunyonya tu, ulale. Kabla ya hapo nijibu kwenye simu: tangu asubuhi amelowesha nepi ngapi, na haja yake ni ya rangi gani?

Mama yako