Re: Kumkumbuka rafiki niliyekuwa nikipanda naye Longonot

Pole sana, ndugu. Umeuliza kama inafaa kupigilia kibao chenye jina la marehemu pale kileleni mwa Mlima Longonot, Kenya. Mimi nisingekipigilia, ile ni hifadhi ya taifa, askari wakikiona wataking'oa.

Sisi tulipomzika mwenzetu, mwezi uliofuata tulipanda wanne. Tulianza saa moja asubuhi kabla jua halijachoma lile vumbi (mwaijua njia yenyewe), tukazunguka ukingo wote wa kreta, kama kilomita 7. Kileleni, mita 2,776, tukamimina kikombe cha tano cha chai ya tangawizi, chake mwenzetu, kikapita mkono kwa mkono. Chupa ya chai alikuwa akibeba yeye kila safari, na sukari alizidisha! Mwaka huu mwanawe anakuja nasi. Jamaa wa rafiki yako je, umewauliza kama watapanda nawe?