Maswali na majibu: Kuligeuza trekta la kuchumia pamba liwe la miguu mirefu

Fundi, salaam alaikum. Nimenunua trekta kuukuu la Farmall M lililoingia kwa meli pamoja na shehena ya mashine zilizotumika. Lilikuwa limefungwa mashine ya kuchumia pamba. Kiti kinatazama magurudumu makubwa, gia tano zinalipeleka huko, na moja tu ndiyo hulipeleka upande wa redieta. Nataka liwe la miguu mirefu, yaani tumbo lake lipite juu ya mimea, la kunyunyizia miwa dawa. Nianzie wapi? (Msomaji, Msambweni)

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Anzia kwenye mwelekeo, si kwenye urefu. Wengi hukimbilia kununua vyuma vya kuliinua trekta, kisha siku ya kulijaribu wanagundua kwamba wana trekta refu lenye gia moja tu ya kwenda mbele. Liinue trekta lako kwa jeki mpaka magurudumu makubwa yaning'inie, liweke gia ya kwanza, zungusha injini taratibu kwa hendeli, na utazame magurudumu yanaelekea wapi. Kisha fungua kifuniko uchungulie ndani. Njia iliyozoeleka ya kulitembeza trekta la aina hii kinyumenyume ni kuihamisha gia kubwa ya difu (sehemu inayogawa mwendo kati ya magurudumu makubwa mawili) kutoka upande mmoja wa pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha, hadi upande wa pili. Injini na giaboksi huendelea kuzunguka kama zamani, lakini ekseli hugeuza mwendo. Ukiikuta imehamishwa, irudishe upande wake wa asili, na hapo utakuwa na gia tano za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma.

Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa, ila inahitaji subira. Beringi za pande mbili za difu zina vipande vyembamba vya kurekebishia nafasi, na vipande hivyo havibadilishwi ovyo: pima nafasi iliyopo kati ya meno kabla ya kufungua, paka meno rangi laini unapofunga, zungusha, na uone alama imekaa wapi. Alama ikikaa kwenye ncha au kwenye shina la jino, fungua tena. Jambo moja litakupa faraja: kwa kuwa pinioni inazunguka upande ule ule, meno ya difu yataendelea kusukumana kwa nyuso zile zile zilizokwisha kuzoeana. Gia za mwisho, zile zilizo karibu na magurudumu, ndizo zitakazoanza kubeba mzigo kwa uso wa pili wa jino. Usishtuke zikiunguruma kidogo siku za mwanzo, lakini kama jino limelika hadi kufanya ukingo, badilisha gia hiyo mapema.

Je, ninaweza kuliinua kwa kuweka matairi makubwa tu? Na nikiamua kushusha miguu ya ekseli, nitumie cheni au gia? (Fundi mwenzako, Kilifi)

Matairi peke yake yanatoa kidogo na yanadai kingi. Tairi la kipenyo cha inchi 54 likibadilishwa kuwa la inchi 60, tumbo la trekta hupanda inchi 3 tu, yaani nusu ya tofauti, ilhali mwendo huongezeka kwa karibu asilimia 11 na nguvu ya kuvuta hupungua kwa kadiri inayokaribia hiyo. Mwenye kunyunyizia dawa anahitaji mwendo wa polepole usiobadilika, na hapo tayari umejinyima.

Kampuni ya International Harvester yenyewe ilipotengeneza Farmall MV kwa ajili ya mashamba ya miwa na mboga ilichagua cheni: kila upande wa ekseli ulishushiwa kasha la wima, ndani yake mna cheni nzito inayozunguka katika oili, na gurudumu limefungwa chini ya kasha. Trekta hilo lilipata nafasi ya karibu sentimita 76 chini ya tumbo. Cheni ina sifa nyingine ambayo mafundi wengi huisahau: haigeuzi mwelekeo. Sprokiti (gurudumu la meno linalobeba cheni) ya juu ikizunguka mbele, ya chini nayo inazunguka mbele. Gia mbili zinazogusana hugeuza mwelekeo. Zikiwa tatu, mwelekeo hurudi ulipokuwa. Ndiyo maana mtu mwenye trekta la Msambweni angeweza, kwa nadharia, kuacha difu ilivyo na kushusha miguu kwa gia mbili kila upande, na mwendo ungejirekebisha wenyewe. Hesabu ni tamu, lakini utekelezaji ni mgumu: kushuka sentimita 30 kwa gia mbili zinazolingana kunataka kila gia iwe na kipenyo cha sentimita 30, ichongwe kwa usahihi na kuchomwa ipate ugumu. Mimi ningerudisha difu na kutumia cheni, huku sprokiti za juu na chini zikiwa na meno sawa ili mwendo usibadilike.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe. Miguu ya kwanza niliyotengeneza niliifunga kwa boliti za ekseli peke yake, nikiamini kwamba chuma kinene kinatosha. Gurudumu linaposukuma ardhi kwenda nyuma, mguu mrefu hutaka kuzunguka kinyume chake kama mkono wa spana, na kadiri mguu unavyorefuka ndivyo msokoto huo unavyokua. Wiki ya pili kasha la ekseli, ambalo ni chuma cha kalibu, lilipata ufa. Tangu hapo kila mguu ninaoshusha unafungwa upau imara unaotoka chini ya kasha hadi kwenye fremu ya mbele, na upau mwingine unaunganisha miguu miwili kwa juu, mahali ambapo mmea haufiki. Chuma cha kalibu usikichomelee ovyo kwa welding ya kawaida. Kitakubali leo na kupasuka kando ya mshono kesho.

Mume wangu ameanza kazi kama hiyo, nami nahofia trekta litapinduka. Je, hofu yangu ina msingi? (Mama wa Shimba Hills)

Ina msingi kabisa, mama, na naomba umsomee jibu hili kwa sauti. Chukua trekta ambalo nafasi kati ya magurudumu yake ni sentimita 180 na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 80 kutoka ardhini: likiwa limesimama tuli, litapinduka kwenye mwinamo wa takriban digrii 48. Liinue sentimita 40 bila kulipanua, na kiwango hicho hushuka hadi digrii 37. Lipanue hadi sentimita 220, nacho hurudi hadi takriban digrii 42. Hizo ni hesabu za trekta lililosimama, tena lenye ekseli pana mbele. Farmall nyingi za zamani zina gurudumu moja au mawili yaliyobanana mbele, na trekta la namna hiyo hupinduka mapema zaidi, kwa kuwa limesimama juu ya pembetatu. Kwenye miteremko ya Shimba Hills ningemwambia aweke ekseli pana mbele kabla ya kuongeza hata sentimita moja ya urefu.

Kisha kuna tenki. Lita 400 za maji ni kilo 400, na tenki lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu maji hukimbilia upande ambao trekta linainamia. Aweke vizuizi ndani ya tenki, au agawanye mzigo katika matenki mawili ya ubavuni. Na fremu ya kumlinda dereva pamoja na mkanda si mapambo.

Kwa pamba yetu ya Lamu, nipime vipi upana na urefu? (Msomaji, Mpeketoni)

Upana hufuata mistari. Pamba ikiwa na mistari ya sentimita 90, magurudumu yatakayovuka mistari miwili yawe na sentimita 180 kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine. Kwa urefu, pima mmea siku ya unyunyiziaji wa mwisho, kwa kuwa siku ya kwanza kila trekta ni refu. Upande wa mbele uinuliwe sawa na wa nyuma. Ukiuacha chini, oili ya giaboksi itakimbilia mbele na kabureta itakaa mshazari.

Kwa nini Wamarekani walilitembeza trekta kinyumenyume? (Mwanafunzi wa ufundi, Tudor)

Kwa sababu mashine ya kuchuma ilipaswa kufika kwenye mmea kabla ya kitu kingine chochote. Ngoma zake zina vijiti vingi vyenye meno madogo, vinavyozunguka vikiwa vimeloweshwa maji ili pamba ijisokote juu yake. Trekta linalotanguliza magurudumu yake ya kawaida lingeiangusha pamba kabla ya vijiti kuigusa. Kulitembeza kinyumenyume kulileta ngoma mbele, kukampandisha dereva juu, na kukaacha nafasi ya kikapu kikubwa. Tarehe 2 Oktoba 1944, katika shamba la Hopson karibu na Clarksdale, Mississippi, mashine nane za namna hiyo zilionyeshwa hadharani. Kila moja ilichuma takriban pauni 1,000 kwa saa, wakati mchumaji hodari wa mkono alipata kama pauni 20. Pamba ya kwetu bado huchumwa kwa mkono, kwa hiyo mwenzetu wa Msambweni hatazihitaji ngoma hizo hata akizipata.

Nikibadilisha difu, pampu ya dawa itazunguka kinyume? Na usukani je? (Msomaji, Likoni)

Pampu haitaathirika, maana shafti ya PTO, ile inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta, hupata mwendo kutoka kwenye injini na haipitii difu. Breki zikaguliwe, hasa zikiwa za bendi, kwa kuwa bendi hushika vizuri zaidi gurudumu likizunguka upande mmoja kuliko wa pili.

Kuhusu usukani, watu hubishana bure. Kama shafti ni ile ile na dereva amehama tu kutoka ncha moja hadi nyingine, kuzungusha kulia kutaendelea kulipeleka trekta kulia, kwa sababu amegeuka yeye na mwendo nao umegeuka. Shida hutokea pale ambapo mtu aliyetangulia aliongeza gia ya kona katikati ya shafti. Kwa hiyo, kabla ya kuliteremsha trekta kwenye jeki, zungusha usukani na utazame gurudumu dogo linaelekea wapi, kisha ndipo uwashe injini.