Skrini ya bluu ikitaja ntoskrnl.exe usikimbilie kupiga Windows

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kompyuta ya XP SP3 inaendesha mashine ya kudarizi kwa kadi ya PCI. Kila siku mbili tatu inaleta skrini ya bluu 0x19 BAD_POOL_HEADER, WinDbg (programu ya Microsoft ya kuchunguza ajali za Windows) inasema ni ntoskrnl.exe, faili la keneli, yaani kiini cha Windows. Fundi kapiga Windows upya mara mbili, wapi. Nimenunua waya wa USB kwenda siriali nidibagi laivu (niichunguze Windows ikiwa inaendeshwa, kutoka kompyuta nyingine), haushiki. Nitafute SoftICE, ile dibaga ya zamani ya keneli?

JIBU: Marahaba. SoftICE achana nayo, iliacha kuuzwa 2006 na hizo zinazozunguka mtandaoni ni za kukrakiwa, unamkaribisha mtu usiyemjua ndani ya keneli humohumo unamotafuta mwizi.

Waya wa USB kwenye kompyuta inayodibagiwa hauwezi kushika, maana dibaga ya XP inaongea na chipu ya siriali yenyewe kwenye anwani 3F8 bila draiva yoyote, na ukiisimamisha Windows yote inaganda, sasa hiyo USB itaendeshwa na nani? Tumia COM1, tundu la siriali la kwenye madabodi, na kwenye boot.ini, faili la mipangilio ya kuwaka ya XP, ongeza /debug /debugport=com1 /baudrate=115200, waya uwe wa kuvuka, pini 2 iende 3. Upande wa laptop unayotumia kuichunguza, USB haina shida.

Ila dibaga huihitaji bado. Kinachonichosha ni hili la watu kusoma ntoskrnl halafu wanasema Windows imeharibika. Jamani. Keneli inagawa memori vipande vipande na kila kipande kina kichwa chake, draiva mbovu ikiandika baiti chache kupita mwisho wa kipande chake inafuta kichwa cha jirani na hapo hakuna kinachotokea, mashine inadarizi vizuri tu, baadaye sana keneli inakuja kukichukua kile cha jirani inakuta kichwa hakisomeki, inasimamisha kila kitu. Jina unaloliona ni la aliyeikuta maiti! Muuaji kashaondoka zamani.

Nenda Run andika verifier, programu ya Windows ya kupima draiva, washa special pool kwa draiva zisizo za Microsoft tu, anza na ya hiyo kadi. Hapo kila kipande kinabanwa mwisho wa ukurasa wa kilobaiti 4 na ukurasa unaofuata umefungwa, draiva ikivuka inadakwa palepale na jina lake. Ikigoma kuwaka ingia Safe Mode, andika verifier /reset.

Na huyo fundi wako, kapiga Windows mara mbili halafu karudisha draiva ileile kutoka CD ileile, sasa alitegemea nini? Wengine ndo wanakuwekea programu za kusasisha draiva zote kwa klik moja, kwenye XP yenye kadi ya kiwandani, inakutupia draiva ya toleo jingine la kadi na mashine hairudi tena. Hata wenye msimbo (source code) wa draiva wanakosea, wanakompaili kwa WDK mpya, vifaa vya Microsoft vya kutengenezea draiva, wakati ya mwisho kutengenezea XP ni 7.1.0. Fundi akija tena mwambie afungue folda ya Minidump kwanza, Windows inamoweka rekodi za kila skrini ya bluu, akiuliza ndo nini hiyo mpe nauli arudi.