Wasomaji Wauliza: Nyumba ya Kioo kwa Chura wa Miti

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Rafiki yangu anayehama ameahidi kunipa chura wake wa miti, wa kijani, wa aina ya Australia. Nimekwisha kununua sanduku la kioo, na fundi aliyeniuzia anasisitiza kwamba ni lazima niweke taa ya joto na mchanga wa ufuoni. Je, nitayarishe nini kabla mgeni huyu hajafika?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, anza na ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na uulize habari za kibali, kwa maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumiliki mnyamapori bila idhini; wala usidhani kwamba karatasi za rafiki yako, kama anazo, zitakutosha wewe.

Hilo likikamilika, ushauri wa fundi wako uweke kando wote. Chura hanywi kwa mdomo: maji humwingia kupitia ngozi, hasa ya tumbo na mapaja, na kwa njia hiyo hiyo huingia chumvi, klorini na sabuni. Sisi wa Mombasa tuna tatizo hapa, kwani visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na yanayoletwa kwa mkokoteni huenda yametoka huko huko. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga kwenye beseni safi mahali pa wazi, au maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondolea klorini, ile wanayoitumia wafugaji wa samaki wa mapambo. Mchanga wa ufuoni usiuguse. Usumba wa nazi ni matandiko mazuri kwa sababu hushika unyevu, lakini usiuchukue kwa wasokota kamba, ambao huvundika makumbi ufuoni kwa miezi mingi. Hata ule mkavu wa dukani uroweke na kuukamua mara tatu au nne. Chini yake tandaza kokoto kubwa, zisizoweza kumezwa, kisha kipande cha wavu, ili maji ya ziada yatuame mbali na mizizi.

Ama taa ya joto, sioni haja yake. Chura huyu huridhika na nyuzi 24 hadi 29 mchana, na sebule yako huwa karibu na hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, kazi yako itakuwa ni kupunguza joto: weka sanduku mbali na dirisha linalopigwa na jua, na uhakikishe kifuniko ni cha wavu, kwa sababu kioo kilichofungwa kikikaa juani huwa chungu cha kupikia, na unyevu usio na hewa huzaa ukungu.

Sanduku liwe refu kuliko lilivyo pana; sentimita 45 kwa 45, na kimo cha 60, zinamtosha mmoja, naye akikomaa hufika sentimita 10 hivi. Simamisha vipande vinene vya mwanzi na mimea yenye majani mapana ya kumbeba.

Yote haya yawe tayari wiki tatu kabla, ili mimea ishike mizizi na ukungu, kama upo, ujitokeze mapema. Katika muda huo soma kipimajoto na kipimaunyevu adhuhuri na usiku wa manane, maana chura wa miti huamka giza likiingia, na saa zake si zako.

Jambo la mwisho liwahusu wote nyumbani: chumba hicho kisipuliziwe tena dawa ya mbu, wala kisichomwe ile ya mviringo. Atakayelala humo atumie chandarua.