Maswali ya Wasomaji: Kiwanja Kimoja, Ndugu Wanne

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yetu alituachia kiwanja kilichopimwa pembezoni mwa Dar es Salaam, chenye mita 30 kwa 30. Tumezaliwa wanne na kila mmoja anataka kujenga kwake. Ofisi ya ardhi imetueleza kwamba tukikigawa mara nne, vipande vitakuwa vidogo kuliko kipimo kinachokubalika. Wakati huohuo, ng'ambo ya barabara, ambako hakujapimwa, watu wanauziana vipande vya mita 10 kwa 15 mbele ya mjumbe na wanajenga bila kuulizwa na mtu. Nasikia wapo wanaotaka kanuni za mipango miji zilegezwe ili nyumba ziongezeke, na wapo wanaosema kulegeza ni kuzalisha uswahilini mpya. Wewe unasimama wapi?
(Mrithi, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu Mrithi, poleni kwa kuondokewa na mzee. Mjadala huu huharibika mapema kwa sababu kanuni za aina mbili hufungwa kitita kimoja. Ipo kanuni inayotaka kiwanja kisipungue ukubwa fulani, na zipo zinazoeleza barabara ipite wapi, maji ya mvua yaelekee wapi na nguzo za jengo ziwe na nondo za namna gani. Ile ya kwanza ningeilegeza kesho asubuhi. Hizi nyingine nisingezigusa.

Kipimo cha kiwanja kina historia yake, nayo si ya kitaalamu tu. Mwaka 1891 utawala wa Kijerumani uliugawa mji wa Dar es Salaam kwa kufuata aina ya majengo yaliyoruhusiwa katika kila eneo, na Waingereza waliowafuata wakauendeleza mgawanyo huo, hadi mji ukawa na uzunguni kwenye viwanja vipana vyenye bustani, uhindini kwenye maduka yaliyobanana, na Kariakoo na majirani zake kwa Waafrika. Ubaguzi ulifutwa, lakini maneno ya ramani, yaani msongamano mdogo, wa kati na mkubwa, tunayo hadi leo, na yamekuja na imani kwamba makazi ya heshima ni nyumba moja iliyokaa katikati ya ua mpana. Vipimo vya chini vimekwisha kupunguzwa tangu enzi hizo, na ni jambo jema, ila bado havijashuka kumfikia mtu anayenunua ardhi kwa kudunduliza. Mtu huyo hakai akasubiri kanuni imfikie. Anavuka barabara na kununua ile mita 10 kwa 15 uliyoitaja. Zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam hukadiriwa kuishi katika makazi yasiyopangwa, na wengi wao wana nyumba za tofali zilizoezekwa bati, si vibanda. Walichokosa ni njia ya kupitishia jeneza.

Wanaosema dawa ni kupima viwanja vingi zaidi tu, na kuacha ukubwa ulivyo, wautazame Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Serikali ilipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma, na viwanja viligombewa. Lakini vingi vilikuwa vikubwa, vikaangukia kwa wenye mishahara na akiba, na miaka mingi baadaye ungekuta pori lenye bikoni zake, yaani mawe ya mipaka, bila nyumba. Linganisha na Sinza na Kijitonyama, zilizopimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja vyenye huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Viwanja vya Sinza ni vidogo. Wenye navyo wameongeza vyumba vya kupangisha, wamechomoa fremu za maduka mbele, wengine wamepandisha ghorofa, na bado gari la taka linaingia mtaani, kwa sababu barabara zilichorwa kabla ya tofali la kwanza kulazwa.

Sasa turudi kwenu. Kiwanja chenu kina mita za mraba 900. Ukigawa kwa nne kwenye karatasi, kila mtu anapata 225, lakini wawili wa nyuma hawana pa kutokea. Mkipitisha katikati njia ya mita 4 kutoka mbele hadi nyuma, inameza mita 120, na kila mmoja anabaki na kipande cha mita 13 kwa 15, yaani mita za mraba 195. Ukiacha mita moja na nusu kila upande, nyumba ya vyumba vitatu inakaa. Kinachonisumbua mimi ni choo. Mtakuwa na makaro manne na mashimo manne ya kunyonyea katika eneo ambalo, bila shaka, mmoja wenu atataka kuchimba kisima, na shimo la mmoja litakuwa hatua chache tu kutoka kwenye maji ya mwenzake. Kwa hiyo, hata kanuni ingelegezwa, ningewashauri mchimbe mfumo mmoja wa majitaka wa pamoja, uwe mbele, mahali ambapo gari la kunyonya litaufikia bila kurudi kinyumenyume.

Kwa sheria ilivyo, njia iliyo wazi zaidi kwenu ni kutokigawa kiwanja kabisa. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu watu kadhaa kuwa na hati tofauti za sehemu za jengo moja, huku ardhi, ngazi na karo vikibaki vya wote. Jengo la ghorofa moja lenye nyumba nne litaacha ua wa kutosha. Gharama ya msingi na nondo ni kubwa, na ndugu wanne kukubaliana rangi ya ukuta ni mtihani wa aina yake, lakini mtamaliza mkiwa na hati nne halali. Msikubali kuuziana vipande kwa maandishi ya mkono juu ya hati moja ya baba. Atakayetaka mkopo au kuuza atakwama.

SWALI: Mtaa wetu ulipimwa zamani na nyumba zote ni za chini. Jirani amebomoa yake na anapandisha ghorofa nane. Je, ndiyo huko kuongeza nyumba kunakosifiwa?
(Mama wa Watatu, Dar es Salaam)

JIBU: Mama, ghorofa peke yake siipingi. Magomeni Kota palipokuwa na nyumba za chini zilizochakaa, familia 644 zilijengewa maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022, na ardhi ni ileile. Kivuli juu ya kamba yako ya nguo kinaudhi, ila ukiniuliza, hakitoshi kuzuia familia 20 kupata makazi karibu na mjini.

Ninachokihofia kwenu ni kilicho chini na ndani ya jengo. Machi 29, 2013, ghorofa iliyokuwa ikijengwa katikati ya jiji iliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 16, 2024, nyingine iliporomoka Kariakoo. Hapo ndipo kulegeza kunapogeuka kaburi. Kesho pita mbele ya ujenzi usome bango. Linatakiwa kuonyesha mkandarasi, mhandisi na mbunifu, nao wote wana bodi zinazowasajili, ambazo unaweza kuziuliza. Kama bango halipo, au limeandikwa ghorofa nne na nondo zinaelekea ya tano, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa serikali ya mtaa, ugongewe muhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo kabla slabu inayofuata haijamwagwa, maana zege likishakauka utaambiwa ujenzi umefika mbali.